Ratiba ya Nyumba Inapobadilika: Mtunze Mbwa na Paka Wako, Ilinde Familia Yako

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya

Kwa nini tunazungumzia jambo hili

Shule zinapofunguliwa Januari, nyumba nyingi hubadilika kwa siku moja tu. Watoto waliokuwa wakicheza uani kutwa nzima sasa wanatoka jua halijachomoza kuwahi basi. Wazazi nao wanaelekea kazini na geti linafungwa. Mbwa aliyezoea vishindo vya watoto anabaki peke yake hadi jioni. Paka aliyezoea kupata dagaa jiko likiwashwa asubuhi anakuta jiko limefungwa.

Watu wa nyumbani wanajua kilichotokea, mnyama hajui. Yeye huijua siku kwa mambo yanayofuatana: mlango kufunguliwa, sufuria kugongana, sauti ya anayemlisha. Mfuatano huo ukikatika ghafla, huingiwa na hofu. Mnyama mwenye hofu hubweka usiku kucha, hukojoa ndani, hutoroka, hukwaruza na huuma.

Hapo afya ya binadamu inaingia. Mbwa anayetoroka hukutana na mbwa wasiochanjwa, na akirudi na kichaa cha mbwa, wa kwanza kumkumbatia ni mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Takriban wanne kati ya kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15, na karibu maambukizi yote kwa binadamu hutokana na mbwa. Kumsaidia mnyama kuzoea mabadiliko ni huruma kwake, na ni kinga kwa watoto wetu.

Dalili kwamba mnyama amevurugika

- Mbwa: kubweka au kulia akiachwa peke yake, kutafuna viatu na milango, kuchimba chini ya uzio, kukataa chakula, kumfuata mtu kila aendako.
- Paka: kujificha uvunguni, kujilamba mpaka manyoya yanatoka, kukojoa kitandani au kwenye kochi, kukwaruza anaposhikwa.

Usimchape kwa mambo haya. Mnyama hawezi kuihusisha fimbo ya jioni na kiatu alichokitafuna asubuhi. Anachojifunza ni kumwogopa mwenye fimbo, na hofu hiyo ndiyo humfanya aume.

Mambo manne yasiyobadilishwa

Hata nyumba ikibadilika namna gani, shikilieni haya:

1. Chakula kwa saa zinazojulikana, kwenye bakuli lilelile na mahali palepale.
2. Maji safi mchana na usiku.
3. Mahali pake pa kulala, penye kivuli na pakavu, ambapo watoto hawamsumbui.
4. Muda wa kuwa na mtu kila siku. Dakika 20 za matembezi au mchezo zinamfaa mbwa kuliko kutupiwa ugali huku mtu akikimbilia daladala.

Anza mapema, badilisha kidogo kidogo

Tuseme mbwa hula saa 1:30 asubuhi wakati wa likizo, na shule zikifunguliwa itabidi ale saa 11:30 alfajiri. Tofauti ni saa 2. Wahisheni chakula dakika 15 kila siku, na kwa siku 8 atakuwa amezoea.

Mzoesheni pia kubaki peke yake. Tokeni nyote kwa dakika 5, mrudi. Siku inayofuata dakika 10, kisha nusu saa, kisha saa nzima. Mnapoondoka na mnaporudi msimfanyie vurugu ya kuagana wala ya kusalimiana. Mwiteni kwa utulivu. Mwachieni kitu cha kumshughulisha: kipande cha kanga kuukuu kilichofungwa mafundo kwa mbwa, boksi tupu kwa paka. Msimwachie mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumchoma kooni au tumboni.

Mabadiliko yanayotokea mara kwa mara

*Mwezi wa Ramadhani.* Nyumba huamka usiku kula daku, jiko hunyamaza mchana, pilikapilika hurudi jioni. Milo ya paka inaweza kusogezwa ikafuata daku na futari, lakini bakuli la maji lisikauke mchana. Paka mdogo na paka anayenyonyesha wapewe chakula mchana pia. Mabaki yenye vitunguu asipewe mbwa wala paka, kwa kuwa vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yao.

*Kuhama nyumba.* Mnapofika, paka akae kwanza katika chumba kimoja pamoja na bakuli lake na tandiko lake lisilofuliwa, ili apate harufu anayoijua. Msimruhusu kutoka nje kwa wiki 2 hadi 3, la sivyo atajaribu kurudi nyumba ya zamani. Mbwa mtembezeni kwa kamba mpaka aizoee mitaa mipya, na namba ya simu ya mwenye mbwa iandikwe kwenye ukanda wa shingoni.

*Anayemlisha anapoondoka.* Mara nyingi anayemlisha mbwa ni dada wa kazi au mlinzi. Akipanga kuondoka, anayebaki amlishe pamoja naye kwa siku kadhaa. Ulizeni kiasi cha chakula, saa anazofunguliwa kutoka bandani na neno linalotumika kumwita.

*Mtoto mchanga.* Wiki chache kabla ya mama kujifungua, hamisheni tandiko la mnyama kama liko karibu na kitanda cha mtoto. Mama akiwa bado hospitali, leteni nyumbani nguo aliyovalishwa mtoto, mnyama ainuse. Mbwa au paka asiachwe kamwe peke yake na mtoto mchanga, hata awe mpole kiasi gani.

Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka. Kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, ambavyo humdhuru mtoto aliye tumboni. Vimelea hivyo huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza, kwa hiyo mtu mwingine asafishe kila siku. Asipokuwepo mtu mwingine, mama avae glovu na kunawa kwa sabuni. Nyama iive vizuri na mboga zioshwe, maana vimelea hupita huko pia. Hakuna haja ya kumtupa paka.

Wafundisheni watoto

- Usimguse mnyama anayekula, aliyelala au anayenyonyesha.
- Usimvute mkia wala masikio.
- Mbwa usiyemjua akikukaribia, usikimbie. Simama tuli kama mti, mikono ubavuni, usimkazie macho, mpaka aondoke.
- Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza kucheza na mnyama.
- Ukiumwa au kukwaruzwa, sema mara moja. Wazazi, mtoto asigombezwe kwa kusema. Anayeogopa kugombezwa huficha jeraha.

Mnyama akimuuma mtu

1. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Fanya hivyo hata kwa mkwaruzo mdogo, au mate ya mnyama yakigusa kidonda.
2. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani.
3. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje.
4. Maliza dozi zote za chanjo utakazopangiwa, hata jeraha likipona.
5. Toa taarifa kwa ofisa mifugo wa eneo lako. Kama mbwa au paka anajulikana na anaweza kufungiwa kwa usalama, achunguzwe kwa siku 10.

Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikitolewa mapema na kwa ukamilifu, inaokoa maisha.

Lini umwone daktari wa mifugo

Si kila badiliko la tabia hutokana na ratiba. Mpelekeni mnyama kwa daktari iwapo:

- mbwa amekataa chakula siku 2, au paka siku 1;
- anatapika au anaharisha bila kukoma;
- paka dume anachuchumaa kukojoa na mkojo hautoki. Hii ni dharura. Njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa kwa siku chache.

Mbwa mpole akiwa mkali ghafla, akatokwa na udenda, akashindwa kumeza au sauti ikabadilika, msimguse. Watoto waingie ndani, na ofisa mifugo aitwe mara moja.

Msimpe mnyama dawa za binadamu. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka.

Kikao cha familia

Kabla ya badiliko lijalo, iwe ni shule, safari au ujio wa mtoto, kaeni pamoja mkubaliane mambo matatu: nani atamlisha na saa ngapi, nani atakuwa naye kila siku, na chanjo yake inaisha lini. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza mnyama akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kama daktari atakavyoelekeza, na mahali pengi ni kila mwaka. Kama cheti hakionekani au muda umepita, msingoje kampeni ya chanjo ifike mtaani kwenu. Mpelekeni wiki hii.