SOMO LA MWEZI HUU: TABLETI MBILI NDOGO, UCHAGUE IPI?



Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ni ya wazee, nayo yafaa hata leo, ingawa daftari lenyewe limegeuka sura. Siku hizi wakulima wengi wa skimu, kutoka Nyandarua mpaka Mwea na Trans Nzoia, wanataka kununua tableti ndogo, ambayo katika Kiswahili cha vitabu huitwa kishikwambi. Wanaitaka kwa kuandika maziwa na mauzo, kwa kutazama magonjwa ya mimea, kwa kusoma habari, na kwa masomo ya watoto.

Jambo hilo ni jema. Lakini fedha ya tableti ni ile ile fedha ya mbolea, au ya karo, au ya dawa ya kupe. Ikitumiwa vibaya hairudi. Kwa hiyo mwezi huu twataka kukueleza namna ya kuchagua kati ya tableti mbili, wakati zote mbili ni ndogo na zote mbili zinasemwa kuwa ni za bei nafuu.

KWANZA, ANDIKA KAZI YAKE

Kabla hujauliza bei, chukua karatasi uandike kazi ambazo tableti itafanya nyumbani kwako. Huwezi kununua jembe kabla hujajua kama udongo wako ni wa mfinyanzi au wa kichanga.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora ramani ya vijiji vyao katika kazi iliyoitwa Map Kibera. Walitembea vichochoroni wakiwa na vifaa vidogo vya GPS. Vifaa vile vilikuwa vidogo, lakini kazi yake ilijulikana kabla, navyo vilitosha.

Tena mwaka 2015 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilitoa sanduku la shule liitwalo Kio Kit, lenye tableti 40 ndani yake. Waliolitengeneza walifikiri kwanza juu ya vumbi, juu ya watoto kuangusha vitu, na juu ya shule zisizo na umeme wa kutegemewa. Ndiyo sababu tableti zile zilifanywa ngumu, nazo hupata chaji zikiwa ndani ya sanduku bila kuchomekwa waya moja moja. Nawe fanya vivyo hivyo. Anza na vumbi la nyumbani kwako, kisha ndipo uende dukani.

Ukiona kwamba kazi zote ulizoandika ni kupokea ujumbe mfupi na kutuma fedha, basi usinunue tableti. Simu yako ndogo yatosha. Huduma ya iCow, iliyoanza mwaka 2011 kwa ajili ya wafugaji, iliwafikia watu wengi kwa ujumbe mfupi kwenye simu za kawaida.

MFANO WA TABLETI MBILI

Tutachukua mfano wa tableti mbili za kampuni moja, ili isionekane kwamba tunapigia debe kampuni hii juu ya ile. Ya kwanza ni Samsung Galaxy Tab A7 Lite, iliyotoka mwaka 2021. Ya pili ni Samsung Galaxy Tab A9, iliyotoka mwaka 2023.

Ukiziweka mezani zimezimwa, utaona ni kama ndugu wa tumbo moja. Vioo vyake ni vya inchi 8.7, zote mbili. Betri zake ni za kiasi kimoja, 5,100 mAh. Kamera ya nyuma ni megapikseli 8 kwa zote mbili, na ya mbele ni megapikseli 2. Zote hupokea memori kadi. Na kila moja inapatikana kwa namna mbili, yaani isiyopokea laini na inayopokea laini.

Basi tofauti iko wapi? Iko ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Fikiria mambo matatu: ghala, uwanja na maksai.

Ghala ni nafasi ya kuweka vitu. Tab A7 Lite ya kawaida ina GB 32, na Tab A9 ya kawaida ina GB 64. Lakini jihadhari: ghala hilo huja tayari na magunia ya mwenyewe, kwa sababu mfumo wa tableti hukaa humo humo. Ghala la GB 32 hujaa upesi kwa picha, masomo na programu chache. Memori kadi husaidia kwa picha na video, lakini programu nyingi hazikubali kuhamia kwenye kadi.

Uwanja ni mahali pa kufanyia kazi, kama uwanja wa kuchambulia viazi. Wataalamu huuita RAM. Tab A7 Lite ya kawaida ina GB 3, na Tab A9 ya kawaida ina GB 4. Uwanja ukiwa mdogo, ukifungua kazi ya pili ile ya kwanza husukumwa nje, na mtoto hurudi kuanza somo lake upya.

Maksai ni ile chipu inayovuta kazi yote. Tab A7 Lite ina Helio P22T, na Tab A9 ina Helio G99, ambayo ni maksai mwenye nguvu zaidi sana. Tofauti hii utaihisi kila siku, wakati wa kufungua programu na wakati wa kuandika.

Tena liko jambo la umri. Tab A7 Lite ilitoka na mfumo wa Android 11, na Tab A9 ilitoka na Android 13. Kampuni hutengeneza kasoro za mfumo kwa miaka kadhaa tu, nayo miaka hiyo huhesabiwa tangu tableti ilipotoka, wala si tangu siku uliyoinunua wewe. Tableti ya mwaka 2021, hata ikiwa mpya ndani ya boksi, imekwisha kula sehemu kubwa ya umri wake. Ni kama kununua ng'ombe: usitazame ngozi inayong'aa, tazama meno.

MNUNUZI YUKO KAMBI MURU, MTUMIAJI YUKO SHAMBANI

Wengi wetu hatuendi Nairobi wenyewe. Tunamtumia fedha kijana wetu anayekaa Kawangware, au Kambi Muru kule Kibera, naye huenda Luthuli Avenue kwenye maduka ya vyombo vya umeme akanunua. Hakuna ubaya. Lakini kumbuka kwamba maisha yake na yako si mamoja. Mjini akikosa chaji, kibanda cha kuchajisha hakiko mbali. Ukikosa chaji wewe shambani, huenda ukangoja jua la kesho. Yeye akiijaribu tableti chumbani, kioo kitaonekana kizuri. Wewe utaitazama katikati ya mahindi saa saba mchana.

Kwa hiyo usimwambie tu, "Ninunulie tableti nzuri." Mtumie karatasi yako ya kazi, pamoja na maagizo haya:

1. Itoke na risiti yenye jina la duka, na hati ya dhamana. Asinunue kwa mtu wa njiani, hata bei ikiwa tamu namna gani. Mali ya wizi ni kosa la sheria kwa anayeipokea akijua, na hasara kwa asiyejua.

2. Afungue boksi mbele ya muuzaji, awashe, aingie kwenye Mipangilio, asome jina la tableti, ukubwa wa ghala na mfumo wake. Yaliyo kwenye kioo yapatane na yaliyo kwenye boksi.

3. Aishuku tableti isiyojulikana jina, iliyoandikwa namba kubwa za majivuno kwa bei ndogo. Namba za namna hiyo huandikwa tu juu ya boksi, na wakati mwingine hudanganya hata kwenye kioo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

4. Aitoe nje kwenye jua, aone kama maandishi yanasomeka.

5. Kama ni ya laini, atie laini yake, ajaribu intaneti, kisha ajaribu kupiga simu. Ziko tableti zinazopokea laini kwa intaneti tu, zisizopiga simu. Kwa sababu hiyo, usitupe simu yako ndogo yenye M-PESA.

6. Kama ni ya laini, atafute namba ya IMEI kwenye Mipangilio, aone kama ni sawa na iliyo kwenye boksi. Mwisho wa Septemba 2012 simu bandia zilizimwa kote Kenya, na waliokuwa wamezinunua ndio waliopata hasara.

7. Azime intaneti kabisa, kisha afungue programu unazotaka. Ile inayokataa kufanya kazi bila intaneti itakukatalia nawe shambani.

Agizo hili la saba ni kubwa kuliko linavyoonekana. Chukua mfano wa programu ya PlantVillage Nuru. Inatumia kamera kutambua magonjwa ya mihogo, na dalili za viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, wadudu wale walioingia Kenya mwaka 2017. Ikisha kuwekwa ndani ya tableti, inaweza kufanya kazi yake bila intaneti. Programu ya namna hiyo iwekwe mjini, mahali penye intaneti nafuu, kabla tableti haijapanda matatu kuja kwako.

CHAJI

Betri ya 5,100 mAh hubeba umeme wa karibu wati 20 kwa saa moja. Paneli ndogo ya jua ya wati 10, katika jua kali, itahitaji saa 3 au zaidi kuijaza, kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani. Kama paneli yako ndiyo hiyo hiyo inayowasha taa za usiku, fanya hesabu kabla, watoto wasije wakasoma gizani kwa sababu ya tableti. Kwa jambo hili tableti zetu mbili ni sawa, kwa maana betri zake ni sawa.

TAHADHARI YA MKOPO

Siku hizi vyombo vingi huuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Mwaka 2020, kwa mfano, Safaricom ilianza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo kwa simu: Sh. 1,000 kwanza, kisha Sh. 20 kila siku kwa miezi 9. Mpango kama huo unaweza kumsaidia mtu mwenye mapato ya kila siku. Lakini mkulima hapati fedha kila siku. Maziwa ya ushirika hulipwa mwisho wa mwezi, na mahindi hulipwa baada ya mavuno.

Fanya hesabu hii ya mfano. Tableti inauzwa Sh. 15,000 taslimu. Kwa mkopo wanataka Sh. 3,000 kwanza, kisha Sh. 60 kila siku kwa siku 365. Sh. 60 mara 365 ni Sh. 21,900. Ongeza zile 3,000, jumla ni Sh. 24,900. Umezidisha Sh. 9,900. Ikiwa lita ya maziwa ni Sh. 50, hizo ni lita 198 ulizokamua kwa ajili ya deni tu.

Tena vyombo vingi vya mkopo hufungwa kwa mbali usipolipa. Fikiri itakuwaje ikiwa hesabu zote za shamba zimo ndani yake, nawe umekwama mwezi wa njaa kabla ya mavuno. Kwa hiyo, hata tableti ikiwa ni yako kabisa, kila Jumamosi nakili hesabu za wiki kwenye daftari la karatasi. Tableti huibwa, huanguka, hufungwa. Daftari hungoja.

BASI UCHAGUE IPI?

Usitazame bei peke yake. Gawanya bei kwa miaka unayotazamia kuitumia. Tuseme ya zamani ni Sh. 12,000 nayo itakufaa miaka 2. Hiyo ni Sh. 6,000 kwa mwaka. Tuseme ya karibuni ni Sh. 18,000 nayo itakufaa miaka 4. Hiyo ni Sh. 4,500 kwa mwaka. Hapo utaelewa kwa nini wazee walisema rahisi ghali.

Kama mtumiaji ni mmoja, na kazi ni kuandika hesabu, kupiga picha za mimea na kusoma, tableti kama Tab A7 Lite yaweza kutosha, lakini tu ikiwa bei yake iko chini sana. Usikubali kulipia ya 2021 bei ya ile ya 2023.

Kama watoto nao wataitumia kwa masomo, na unataka idumu, chagua ile kama Tab A9, yenye ghala na uwanja mkubwa na maksai mwenye nguvu. Kama fedha haijatosha, afadhali ungoje malipo ya miezi miwili ya maziwa kuliko kuingia deni la mwaka mzima.

Na yoyote utakayochagua, weka akiba ya kava ngumu. Sakafu ya saruji haijui ni ipi iliyokuwa ghali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja kazi tatu ambazo tableti itafanya nyumbani kwako. Je, simu uliyo nayo haiwezi kazi hizo?

2. Tableti mbili zina kioo na betri sawa. Utatazama nini tena kabla ya kuchagua?

3. Jirani yako anataka kulipa Sh. 60 kila siku, naye hupata fedha mara moja kwa mwezi. Utamshauri nini?

4. Andika maagizo utakayomtumia mtoto wako aliye Nairobi. Yasomeni pamoja kikundini, muone ni neno gani limesahauliwa.