Kunakili Seva: Kompyuta Moja Kuzaa Nyingi

Msafiri atokaye Kismayu kwa mashua kwenda kusini huvipita visiwa vya Wabajuni kimoja baada ya kingine: Koyama, Chovai, Chula. Zamani mafundi wa pwani hii walishona mitepe kwa kamba za makumbi, bila msumari wa chuma wala mchoro wa karatasi. Fundi alipima kwa jicho na kwa mkono, na kwa hiyo hapakuwa na mitepe miwili iliyolingana sawasawa. Leo nataka kuwaelezeni kazi ya namna nyingine kabisa, ambayo nakala hufanana na asili yake hata chembe ya mwisho; na kufanana huko ndiko kunakoleta taabu.

Seva ni kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine: huweka vitabu, alama za mitihani na barua, na kuzitoa kila zinapotakiwa. Katika diski yake mna mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiamsha mashine na kuzigawia programu nyingine kazi zao. Mmoja unaotumika sana katika seva ni Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Toleo lake moja, la mwaka 2004, huitwa Ubuntu, neno la Kibantu cha kusini lililo ndugu wa neno letu "utu". Linux ni ruhusa kuinakili bila malipo. Windows hutaka leseni kwa kila mashine.

Tuseme shule imepata kompyuta kumi mpya, na kila moja yahitaji programu za gigabaiti 20 kutoka intaneti. Kama njia hupitisha megabiti 10 kwa sekunde, mashine moja itachukua sekunde 16,000, yaani saa nne na nusu hivi. Kumi zitakula saa 44 na zaidi, na umeme ni wa kununuliwa! Lakini ukiitengeneza moja vizuri, kisha ukainakili diski yake kwa waya wa pale pale chumbani, kazi yote yaweza kumalizika asubuhi moja. Murray Haszard wa New Zealand alitengeneza programu ya kazi hii, jina lake Ghost, katika miaka ya 1990. Siku hizi wengi hutumia Clonezilla, ambayo ni bure, na ambayo huacha sehemu tupu za diski ikachukua zile tu zilizojaa.

Kwanza, zima ile seva, kisha iwashe kwa kijiti cha USB chenye Clonezilla. Usiinakili huku inafanya kazi. Ni kama kuhesabu samaki ufukweni wakati wavuvi wangali wakiteremsha wengine: hesabu yako haitakuwa ya kabla wala ya baada. Diski mpya nayo isiwe ndogo kuliko ya zamani.

Hapa natia neno la kujionea. Iko amri ya Linux iitwayo dd, inakili diski nzima bila kuuliza swali. Herufi "if" zaonyesha unakotoa, na "of" unakotia. Siku moja, katika shule ambayo sitaitaja, nilizigeuza. Nikaichukua diski mpya, tupu, nikaimimina juu ya ile yenye alama za mitihani za miaka mitatu. Nilipogundua, zilikuwa zimekwenda, maana hapakuwa na akiba mahali pengine. Wanafunzi wawili waliotaka vyeti vya kuombea kazi walirudi mikono mitupu, na mimi sikuweza kuwatazama usoni. Tangu siku ile naandika namba ya kila diski kwenye karatasi kabla sijagusa kitu, na alama zote nazihifadhi kwanza katika diski ya tatu, naichomoa na kuiweka kabatini.

Sasa ile taabu niliyoitaja. Nakala huchukua hata jina la mashine ya kwanza. Fikirini mashua mbili bandarini zenye jina moja na namba moja: atakayepeleka mzigo atapeleka wapi? Ikiwa seva ilipewa anwani maalumu katika mtandao, nakala nayo itaidai anwani ile ile, na mawasiliano ya zote mbili yatavurugika. Basi badili jina, kisha anwani. Katika Linux iko pia faili iitwayo machine-id, kitambulisho cha mashine. Isipobadilishwa, mashine mbili zaweza kugawiwa anwani moja hata pale zinapojiombea zenyewe. Lililo baya kuliko yote ni funguo za siri za SSH, ambazo seva hujitambulisha kwazo. Zikibaki zile zile, atakayeiba funguo za mashine moja ataweza kujifanya mashine yoyote kati ya kumi. Zifute, ukatengeneze mpya katika kila moja.

Kadi ya mtandao ya mashine mpya nayo huenda ikawa na jina jingine, na mfumo ukaitafuta ya zamani usiione. Ndiyo maana nakala hukaa vizuri zaidi katika mashine za aina moja.

Mwisho, iwashe nakala moja peke yake, ukijaribu kufungua kitabu, kuandika faili, na kuifikia kutoka kompyuta nyingine. Ikijibu kwa jina lake jipya, washa ya pili.