Mwili Mzito na Shinikizo la Damu

Tukimwona mtu amenenepa twasema, "Amependeza, mambo yake ni mema." Na mtu akipungua twamwuliza kwa huruma, "Una ugonjwa gani?" Mazoea hayo yametuficha jambo kubwa: unene uliopita kiasi huipandisha nguvu ya damu, naye mtu huumia pasipo kujua. Basi na tujifunze habari hii kwa utaratibu.

1. Shinikizo la damu ni nini?

Kila moyo upigapo, husukuma damu katika mishipa, nayo damu huzikandamiza kuta za mishipa. Mkandamizo huo ndio shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha. Daktari akipima hupata hesabu mbili: ya kwanza ni ya wakati moyo unapokaza, ya pili ni ya wakati unapolegea. Zikiwa chini ya 120 kwa 80 ni njema. Zikifika 140 kwa 90 au kuzidi, tena zikionekana hivyo kwa kupimwa siku mbalimbali, huo ni ugonjwa.

Ugonjwa huu hauna kelele. Mwenye nao aweza kulima, kuimba na kulala vema, kumbe mishipa yake yaharibika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba karibu nusu ya watu wazima walio nao hawajijui. Mwisho wake huwa kiharusi, au moyo kushindwa na kazi, au figo kuharibika.

2. Unene waliongezaje?

Mwili mkubwa wataka damu nyingi zaidi. Kwa hiyo moyo hufanya kazi kama mpagazi aliyeongezewa furushi, wala hana mahali pa kulitua, mchana wala usiku. Tena mafuta mengi tumboni huzisumbua figo, zikazuia chumvi na maji mwilini, na mkandamizo katika mishipa ukazidi.

3. Kupungua kwafaa nini?

Hatuambiwi tukonde. Mwaka 2003 wataalamu walilinganisha majaribio 25, wakaona kwamba kwa kila kilo 1 iliyopungua, hesabu ya kwanza ilishuka kwa kadiri ya 1. Huko Marekani, watu wanene ambao shinikizo lao lilikaribia kuwa ugonjwa walifundishwa kupunguza uzito. Matokeo yalichapwa mwaka 2001. Waliopungua kilo 4.5 au zaidi, wakadumu hivyo miezi 30 iliyofuata, hatari yao ya kuugua ilipungua kwa thuluthi mbili hivi, wakilinganishwa na wasiofundishwa. Lakini waliourudia unene wao, shinikizo lao nalo lilirudi. Basi faida kubwa si kupungua kwa haraka, bali ni kudumu.

4. Yatupasa kufanya nini?

Ugali, wali na ndizi tuvipunguze sahanini, mboga na maharagwe tuviongeze. Mafuta, sukari ya chai na pombe tuvipunguze. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Tena tutembee kwa haraka dakika 30, siku tano kila juma.

Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, anayetumia dawa asiziache kwa kuwa amepungua au kwa kuwa hasikii maumivu. Daktari peke yake ndiye wa kuzipunguza. Pili, mwenye mimba asijinyime chakula, na mtu apunguaye bila kukusudia aende hospitali.

Ninyi walimu, msimcheke mnene, wala msimsifu kwa unene wake. Mshaurini akapimwe. Nasi tulioalikwa mezani kwa mwenzetu, tusimlazimishe kuongeza chakula ili kuonyesha upendo. Mkaribishaji amwachaye mgeni ashibe kwa kiasi amemheshimu, na huenda amemwongezea siku za kuishi.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini mtu asiyesikia maumivu yampasa kupimwa?
2. Moyo wa mtu mnene wafananaje na mpagazi?
3. Ni desturi gani ya karamu zetu ambayo yafaa tuibadilishe?