Yoga: Faida zake zisizojulikana na mipaka yake kwa Muislamu



Ukitaja yoga hapa Ipogolo, wengi hudhani ni jambo la Wahindi tu, au la watu wenye nafasi huko Dar es Salaam. Lakini tazama wanaolalamikia kiuno: dereva wa lori atokaye Dar es Salaam kwenda Tunduma, fundi cherehani, na mama anayeinamia matuta ya mboga kutwa nzima. Wengi wao hununua diklofenaki dukani na kuimeza kila siku kwa miezi. Dawa hiyo ikitumiwa hivyo bila ushauri huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kudhuru figo. Kwa hiyo ni vyema tujue njia nyingine.

Yoga ni nini, na mpaka uko wapi?

Yoga ilianzia India tangu zama za kale. Ndani yake mna mikao ya mwili, mna uvutaji wa pumzi, na mna mambo ya ibada ya Kihindu, kama kutamka maneno maalumu. Hapo ndipo Muislamu anapaswa kuwa macho. Novemba 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliharamisha yoga yenye mchanganyiko huo. Januari 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia likatofautisha: yenye ibada na maneno hayo ni haramu, ya kunyoosha viungo tu inaruhusiwa. Mimi ni tabibu, si mufti. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Ninayoyaeleza hapa ni mazoezi ya viungo na pumzi peke yake.

Aidha, tusichanganye mambo. Swala ni ibada, haifanywi kwa ajili ya mazoezi, na mazoezi haya hayachukui nafasi ya swala.

Faida zake

Kwanza, mgongo. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya vidonge, kwa maumivu ya kiuno yaliyozidi wiki 12.

Pili, kutoanguka. Mzee akianguka huweza kuvunjika nyonga, na wengine hawainuki tena kitandani. Mazoezi ya kusimama kwa mizani huimarisha miguu. Hata kurukuu na kuinuka kutoka sijda huweza kuwa kwepesi zaidi.

Tatu, presha na wasiwasi. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo na kutuliza mwili. Presha huweza kushuka kidogo, na usingizi kuwa mzuri zaidi. Nasema kidogo: usiache dawa zako.

Namna ya kufanya

Tandika mkeka chumbani, vaa nguo pana, na tumbo lisiwe limeshiba. Dakika 10 zinatosha. Wakati wa baridi yetu ya Juni na Julai, tembeatembea kwanza ili misuli ipate joto.

1. Piga magoti na kuweka viganja chini. Pandisha mgongo kama paka aliyeshtuka, kisha ushushe taratibu. Mara 10.

2. Lala chali, vuta goti moja kifuani, hesabu hadi 20, kisha badilisha.

3. Simama karibu na ukuta, inua mguu mmoja, hesabu hadi 10, kisha badilisha. Mzee ashike ukuta.

4. Kaa umenyooka. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6. Fanya hivyo kwa dakika 3.

Misuli kuvutika ni kawaida. Maumivu makali ni ishara ya kuacha.

Tahadhari

Mjamzito apate ushauri kliniki kwanza, na asilalie tumbo. Mwenye presha kubwa au ugonjwa wa presha ya macho asifanye mikao ya kuinamisha kichwa chini.

Tena, si kila maumivu ya mgongo ni ya kunyooshwa. Ukiona miguu inakosa nguvu, ganzi sehemu za siri, au unashindwa kuzuia mkojo au choo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yanayofuatana na homa, kukonda au jasho la usiku huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hicho kina tiba, lakini ukichelewa huweza kupooza.

Ndugu msomaji, mwili huu ni amana. Anza na dakika 10 leo, na mfundishe mzazi wako nyumbani. Na kama unameza vidonge vya maumivu kila siku, nenda ukapimwe kwanza ijulikane kiini chake.

Wabillahi tawfiq.