Adriano Atiman, Daktari wa Karema

Mtu asimamaye ufukoni pa Nyegezi huiona Ghuba ya Mwanza ikienda kusini, na majabali yamesimama pande zote mbili. Akiufuata ukingo wa upande huu wa mashariki, atafika Bukumbi. Hapo ndipo walipotua Mapadri Weupe, ambao siku hizi huitwa Wamisionari wa Afrika, katika mwaka 1883, baada ya kuondoka Buganda. Hawakuja peke yao. Pamoja nao walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani. Mtoto wa namna hiyo, akiwa ametekwa angali mdogo mno, mara nyingi hakuweza kulitaja jina la kijiji chao, wala hakujua kama mama yake yu hai au amekufa.

Wengi wa watoto waliokombolewa zamani hizo hawakuacha habari zao katika vitabu. Lakini mmoja aliacha. Yeye hakuletwa katika ziwa hili. Alifika katika ziwa Tanganyika. Ila waliomkomboa walikuwa wa shirika lilo hilo la mapadri wa Bukumbi.

Jina lake lilikuwa Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara. Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 1,500, mchanga na mawe. Mchana jua huchoma, na usiku baridi huingia mifupani. Mtu mzima mwenye viatu na maji huiogopa. Mtoto aliyeuzwa hana hata wa kumwuliza, "Tutafika lini?"

Mwaka 1876, huko Algeria, Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba mtu atolewe fedha kama mbuzi wa sokoni, ijapokuwa mnunuzi anataka kumfungua kamba. Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers aliyelianzisha shirika lile mwaka 1868, aliona mwenyewe kwamba kukomboa mmoja mmoja hakutoshi. Mwaka 1888 alikwenda Paris, London na Brussels akihubiri kwamba biashara yenyewe ikomeshwe.

Nchi ya Algeria si ngeni kabisa kwa watu wa Nyegezi. Ndiko alikozaliwa Mtakatifu Agostino mwaka 354, ambaye jina lake limepewa chuo kikuu kilichopo hapa.

Atiman alifundishwa dini, akabatizwa, akapewa jina la Adriano. Mwaka 1881 alipelekwa kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa, ili wajifunze udaktari. Wazungu waliokwenda bara walikuwa wakifa upesi kwa homa. Tena Lavigerie aliamini ya kuwa Mwafrika mwenye elimu ya tiba angeaminiwa na wagonjwa kuliko mgeni. Adriano alisoma huko hata mwaka 1888. Ndipo akasafiri mpaka Zanzibar, akapanda bara kwa miguu na msafara, akafika Karema mwaka 1889.

Karema palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao mapadri waliipewa mwaka 1885. Katika miaka ile biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma katika nchi za ziwa Tanganyika. Basi fikirini, wanafunzi, hali ya kijana yule. Alitoka mbali, akapita bahari na bara, na mwisho wa safari akakuta msiba ule ule uliomtoa kwao. Watoto waliokombolewa walikuwako misheni, nao daktari wao alikuwa mtu asiyehitaji kuhadithiwa maana ya kuuzwa.

Imani aliyofundishwa haikumwambia kwamba yaliyompata yalikuwa mema. Kuiba mtoto ni dhambi, wala Mungu hakumtuma mwizi. Wapo watu wafarijio wenzao kwa kusema, "Usilie, ndivyo Mungu alivyotaka," na maneno hayo mara nyingi huongeza uchungu. Someni habari za Yosefu katika kitabu cha Mwanzo. Naye aliuzwa. Alipofanikiwa Misri alimwita mwanawe wa kwanza Manase, kwa kuwa Mungu amemsahaulisha taabu yake. Lakini ndugu zake walipokuja kununua nafaka, Yosefu alijitenga nao akalia, na si mara moja. Kumbe hakuwa amesahau! Tena alipowasamehe hakulifunika kosa lao; aliliita baya, akawaambia kwamba Mungu amelitumia kuokoa watu wengi. Machozi yake na msamaha wake vilikaa katika moyo mmoja.

Daktari analifahamu jambo hili kwa mikono yake. Kidonda kikifunga juu na huku usaha umo ndani, mgonjwa hajapona. Hufunguliwa, kikaoshwa, kikaachwa kipone kutoka chini, kwa siku nyingi na kwa maumivu. Kovu hubaki, lakini mkono hushika jembe tena.

Kazi ya Adriano Atiman ilidumu zaidi ya miaka 60. Alikuwa daktari na katekista pamoja; aliwatibu watu, akawafundisha sala. Alikutana na ndui, na malale pia, ambayo iliwaua watu wengi kandokando ya ziwa lile. Utawala wa Wajerumani ulikuja ukapita, wakaja Waingereza, naye yupo Karema. Hakurudi kuishi penye mto Niger. Yeye aliyenyang'anywa jamaa yake alioa mke, jina lake Agnes, akapata watoto. Mmoja wao, Yosefu, alipewa upadre mwaka 1923.

Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wakati huo alikuwa mzee wa miaka 80 hivi. Alifariki mwezi wa Aprili, 1956, akazikwa Karema.