Rafaeli Hakujitaja: Somo kwa Anayehitaji wa Kumsindikiza



Vijana wenzangu, wengi wenu mmeziona TikTok zile video za mabinti wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, zilizosambaa Agosti 2021: kila mmoja anaonyesha alichovaa kabla ya kwenda kwenye nyumba za sororiti. Kwa baadhi yetu hizo si video tu. Binti mmoja wa parokia ya nyumbani, ambaye sasa anasoma huko, aliniuliza: "Frateri, nimepewa dada wa kunisindikiza wiki nzima. Simjui. Nimwamini?" Swali zuri. Tujifunze kupitia hilo.

Kwanza tuelewe mambo yenyewe

Sororiti ni chama cha wasichana chuoni. Wanachama hulipa ada, hufanya kazi za hisani, na mara nyingi huishi nyumba moja. Vyama 26 viko chini ya umoja uitwao National Panhellenic Conference, ulioanza mwaka 1902. Msimu wa kupokea wapya ukifika, binti huzungukia nyumba nyingi, kisha orodha inapungua hatua kwa hatua: yeye anapanga anavyovipenda, na vyama navyo vinapanga wanaowataka. Mwishoni anatia sahihi inayomfunga. Akipangiwa chama alichokiandika kisha akakikataa, hawezi kupokelewa na kingine cha umoja huo chuoni hapo hadi msimu mkuu unaofuata.

Hebu fikiria: umeaga nyumbani juzi tu, halafu asubuhi unakuta nyumba uliyoipenda haijakuita tena. Hupewi sababu. Jamani, inauma.

Ndiyo maana kuna mshauri rika. Vyuo vingine humwita Rho Gamma, vingine Pi Chi. Ni mwanafunzi aliyekwisha kupita njia hiyo. Anapewa kikundi chake, anakionyesha njia, anajibu maswali, anakaa na anayelia. Na katika vyuo vingi imekuwa desturi kwamba kwa siku hizo anajitenga na chama chake mwenyewe. Havai fulana yenye herufi zake wala hasemi yeye ni wa wapi, mpaka siku ya matokeo. Lengo ni asikuvutie kwake.

Somo: Tobiti 5, 6 na 12

Kijana Tobia anatumwa safari ndefu asiyoijua njia yake. Anapata mwenzi anayejiita Azaria, kumbe ni malaika Rafaeli. Mpaka sura ya 12, kazi ikiwa imekwisha, ndipo anajitambulisha. Tuchukue mambo matatu.

1. Msindikizaji mwema hakuvuti upande wake. Rafaeli alificha ukuu wake ili Tobia atembee kwa uhuru. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika maelezo ya 15 ya Mazoezi ya Kiroho, anamtaka msindikizaji awe kama mizani iliyosimama katikati, ili Mungu mwenyewe aseme na mtu wake. Basi hicho ndicho kipimo chako. Dada akikusaidia kuona vizuri unachokitaka na kwa nini, mwamini. Akianza kukusukumia chama fulani au kukisema vibaya kingine, msikilize kwa heshima, lakini katafute ushauri kwingine pia.

2. Samaki utamkamata mwenyewe. Samaki mkubwa aliporuka kutoka mto Tigri, Rafaeli hakuingia majini. Alimwambia Tobia amkamate, na Tobia akamkamata. Mshauri rika hakuchagulii; kazi yako ni kumuuliza. Kuuliza si ujinga! Muulize ada ni kiasi gani kwa mwaka, na usipoimudu inakuwaje. Muulize wapya wanatakiwa kufanya nini, na wakidhalilishwa au kulazimishwa kunywa pombe wanaripoti wapi. Muulize kama shughuli za Jumapili zitakuachia nafasi ya Misa. Ukiona aibu kuuliza hilo la mwisho, jiulize hiyo aibu imetoka wapi. Na yale yanayohusu dhamiri, mpelekee padre. Vyuo vingi vya Marekani vina Kituo cha Newman, nyumba ya wanafunzi Wakatoliki.

3. Kukataliwa si hukumu juu yako. Aristotle, katika kitabu cha 8 cha Maadili ya Nikomako, anasema watu hawajuani mpaka wale chumvi pamoja. Wale dada wameongea nawe dakika chache, tena kwenye kelele. Hawajala chumvi na wewe! Hivyo, hata wakitaka, hawawezi kuwa wamepima wewe ni nani. Walichochagua ni nani wa kuendelea kuongea naye, basi. Siku hiyo usijifungie chumbani na simu. Mtafute mshauri wako, lia kama ni kulia, kisha muulize nini kimebaki mbele yako. Na ukiamua kujitoa kabisa, mwambie pia. Mshauri mwema atakuheshimu.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule binti: ndiyo, mwamini, kwa kazi aliyopewa. Akushike mkono njiani. Lakini wewe ni nani, hilo ulishaambiwa siku ya ubatizo wako, na hakuna orodha ya asubuhi inayoweza kulifuta.

Maswali ya kutafakari

- Ni nani anayenisindikiza sasa bila kutafuta faida yake?
- Ni swali gani ninaogopa kuliuliza?
- Je, kuna mdogo wangu darasani, kwaya au jumuiya anayehitaji nitembee naye, nami niweke pembeni upande wangu?

Tusali

Bwana, uliyemtuma Rafaeli atembee na Tobia, tupe wasindikizaji wakweli. Utufundishe kuuliza bila aibu, kuchagua kwa uhuru, na kupokea "hapana" bila kusahau kwamba tu wako. Mtakatifu Rafaeli, utuombee. Amina.