Maikrofoni ya Koo: Jinsi ya Kusikika Penye Kelele

Panapotokea moto, ving'ora hulia, pampu ya gari la zimamoto hunguruma na watu hupiga mayowe. Mzimamoto aliye ndani ya jengo, uso ukiwa umefunikwa kwa barakoa ya hewa, anapaswa kumweleza kiongozi wake aliye nje mahali alipo na anachohitaji. Neno moja likisikika vibaya, msaada unaweza kupelekwa kusikofaa. Huduma za zimamoto ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na mawasiliano ni sehemu ya kazi hiyo sawa na maji na ngazi.

Inavyofanya kazi

Maikrofoni ya kawaida hunasa sauti iliyo hewani. Haichagui: hunasa maneno pamoja na kelele. Maikrofoni ya koo huvaliwa shingoni kwa mkanda, na vihisi vyake vidogo hugusa ngozi pembeni mwa kongomeo. Mtu anapozungumza, nyuzi za sauti hutetema. Mtetemo huo hupita kwenye ngozi, na kihisi huugeuza kuwa umeme unaopelekwa kwenye redio. Kelele ya hewani huitikisa ngozi kidogo sana, hivyo huingia kwa uchache. Mdomo nao hubaki huru kwa barakoa.

Kifaa hiki si kipya. Katika Vita vya Pili vya Dunia (1939–1945), kilitumiwa na marubani wa Marekani na askari wa vifaru wa Ujerumani, ambao injini ziliwazibia masikio.

Jaribu mwenyewe

Weka vidole viwili kooni na utamke "zzzz". Utahisi mtetemo. Sasa tamka "ssss". Koo limetulia, kwa sababu nyuzi za sauti hazitetemi. Ndivyo ilivyo pia kwa f, sh, ch, p, t na k. Maikrofoni ya koo hunasa irabu vizuri, lakini herufi hizi huzipata kwa udhaifu, na sauti husikika kama ya mtu aliyefunika mdomo.

Kwa Kiswahili, udhaifu huo una hatari yake. "Sita" na "tisa" zina irabu zilezile, i na a, na herufi zilizobaki ni s na t tu. Ghorofa ya sita inaweza kusikika kama ghorofa ya tisa. Vivyo hivyo, "nimechoka" inaweza kusikika kama "nimetoka". Aliye nje akidhani mwenzake ameshatoka salama, hatatuma wa kumwokoa.

Kanuni za matumizi

1. Vihisi viguse ngozi moja kwa moja, si juu ya kola au skafu. Mkanda ushike bila kukaba.
2. Zungumza kwa sauti ya kawaida, polepole. Kupiga kelele hakusaidii. Kunong'ona hakufai, kwa kuwa nyuzi za sauti hazitetemi.
3. Kubalianeni mapema juu ya maneno yasiyofanana. Badala ya "nimechoka", sema "naomba msaada". Badala ya "nimetoka", sema "niko nje".
4. Fafanua namba: "sita, yaani tano na moja"; "tisa, yaani kumi kasoro moja".
5. Anayepokea ujumbe aurudie, na aliyeutuma athibitishe.
6. Jaribuni vifaa kabla ya kuingia kazini, mashine zikiwa zinanguruma.

Masikio nayo yalindwe

Maikrofoni ya koo humwezesha mtu kusikika. Haimkingi asipoteze uwezo wa kusikia. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika saa 24. Hii inawahusu pia wenye karakana, machimbo ya mawe na mashine za kusaga nafaka. Dalili rahisi ni hii: ikiwa wawili waliosimama hatua moja kutoka kwa mwenzake wanalazimika kupaza sauti ili wasikilizane, vizibo vya masikio vinahitajika. Masikio yakishaharibiwa na kelele, hayarudi kama awali.